Chungu cha Daktari Tenney

Septemba 9, 1837. Jumamosi

Leo tena nimepeleka vyungu viwili kwa Mehitabel, kimoja cha watu na kimoja cha Asahel. Tanuri la Mehitabel Crane, mke wa shemasi, ndilo kubwa kuliko yote upande huu wa mlima, na tangu enzi za mama zetu maharage ya Jumamosi hulala humo, kwa kuwa Jumapili hakuna kupika. Kila chungu kina maharage, asali ya miwa na kipande cha nguruwe wa chumvi. Kila chungu isipokuwa kimoja. Ndugu yangu ni daktari, amesoma, ana vyeti ukutani, na anasema nyama ndiyo inayotuchafulia damu. Asema hivyo katika kijiji ambacho mtoto huota meno akinyonya ngozi ya nguruwe! Wanamwita Daktari Kabichi. Kwa kabichi hiyo mimi ndiye ninayebeba chungu cha pili kupanda kilima, na magoti ni yangu.

Septemba 14

Mvua kutwa. Asahel amekohoa asubuhi. Anasema ni vumbi la nyasi kavu. Vumbi, kwenye mvua.

Septemba 23. Jumamosi

Shemasi Jotham Crane amekuja leo kuonyesha mguu wake. Mwaka jana alikuwa akitembelea magongo mawili, kidole gumba kimevimba na kuwa chekundu, akimtukana kila anayepita karibu na kiti chake. Masika Asahel akamwachisha nyama na pombe kali. Leo amezunguka jikoni kwangu akikanyaga sakafu kama fahali, mpaka sahani zikalia kabatini. Ni mtu mmoja tu aliyemsikiliza ndugu yangu mlima mzima, lakini mtu mwenyewe ni shemasi, na Asahel alikuwa akimtazama kwa macho ya mtu aliyepata mtoto uzeeni.

Alipoondoka nilikwenda kuanua nguo nikakuta leso za Asahel kwenye ua wa nyuma. Kazifua mwenyewe, kazianika mahali nisipopita. Tangu lini mwanamume wa nyumba hii akafua leso? Nilizishika kwenye mwanga. Damu haitoki yote kwa maji ya moto, kila mwanamke anajua, ila yeye hajui.

Miaka kumi na tano imepita tangu walipomleta kutoka mjini juu ya kitelezi cha kuvutwa na ng'ombe kwenye theluji, anatema damu, mifupa mitupu. Mama alikuwa ameshaanza kumshonea sanda. Ndipo alipoacha nyama, akaacha chai, akaacha kila kitu chenye ladha, akawa anakula mkate na matufaha na kupanda milima. Sanda ile tulimzikia Mama.

Nilimwekea leso mezani. Nikamwambia mficha maradhi, kilio humfichua. Nikamwambia ale nyama, hata mchuzi tu.

"Dada, Shemasi akisikia nimekula, kesho yake naye anakula, na mguu wake utavimba kabla ya theluji."

"Na wewe ukifa je?"

"Nikifa watasema kabichi imeniua." Akacheka, kikohozi kikamkatiza. "Ndiyo maana sina ruhusa ya kufa."

Akaniapisha nisimwambie mtu.

Oktoba 7. Jumamosi

Nimemwambia Mehitabel. Nilifika na vyungu, akaniuliza tu, "Umzima, shoga?" nikaanza kulia nikiwa bado nimevishika. Yeye na mimi tumekua pamoja. Ningemficha nini? Alivichukua vile vyungu, akaviweka chini, akanikalisha. Akasema Asahel amemrudishia mume, naye hatakaa kitako kumtazama akiisha kama mshumaa. Sikumuuliza atafanya nini. Nilidhani ni maneno ya faraja.

Oktoba 14

Jalidi ya kwanza. Maboga yameungua majani. Asahel amepumzika mara mbili kupanda ngazi.

Oktoba 22. Jumapili

Amekula! Bakuli moja, la pili, kisha akakwangua chungu kwa kipande cha mkate. Mashavu yana rangi. Akaniambia, "Haya ndiyo maharage bora uliyowahi kupika, dada. Unaona? Hayahitaji nguruwe hata kidogo." Mimi ambaye tangu utoto sisifiwi mapishi nilitembea nyumba nzima kifua mbele.

Oktoba 29. Jumapili

Niandike, maana nisipoandika nitapasuka.

Asubuhi hii niliamka mapema nikaenda kuchukua vyungu kabla ya ibada. Mlango wa jikoni wa Mehitabel ulikuwa wazi. Nilimkuta ameinamia chungu cha Asahel, na kwa uma anakitoa kifuko cha kitambaa kinachotiririka mafuta.

"Usinitazame hivyo, shoga," akasema. "Ni kipande kidogo, mafuta matupu. Nakitoa kabla hujaja."

"Tangu lini?"

"Tangu uliponililia hapa. Sasa niambie, anakohoa?"

Ikabidi niseme ukweli, kwamba wiki hii hajakohoa sana. Ana rangi, na jana kapanda mpaka kwa mjane wa kule juu kumtibu mtoto.

"Basi," akasema, akafunika chungu, akanipa.

Njia nzima ya kurudi niliwaza nitakimwaga. Nilisimama hata penye mtaro. Kisha nikajiuliza, inakuwaje mtu ambaye hajaonja nguruwe miaka kumi na tano asimjue? Nikakumbuka juzi nilipounguza maziwa, nyumba ikanuka mpaka paka akatoka nje, na yeye akaendelea kusoma karibu na jiko. Pua yake imekufa. Ulimi nao umekufa. Anasifu mapishi yangu kwa kumbukumbu tu.

Sikukimwaga. Nilikiweka mezani mbele yake, akaomba baraka, akala chote. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Novemba 5

Ameimba zaburi kanisani mpaka mwisho bila kukohoa.

Novemba 11. Jumamosi

Wanawake wote wa tanuri wanajua sasa. Mehitabel hana kifua cha kuhifadhi siri, na mimi je? Kifuko kile wamekipa jina, wanakiita "dawa ya daktari". Mke wa mhunzi aliniuliza leo kama Daktari Kabichi amekunywa dawa yake, wote wakacheka, na mimi nikacheka nao. Njiani kurudi nilijiona mchafu. Nilipofika nyumbani nikamkuta anapasua kuni, jambo ambalo hakuliweza tangu Agosti, uchafu ukaniisha.

Novemba 15

Kwa Shemasi wamechinja. Shemasi hali, lakini nyumba ina watu, na desturi ni desturi: anayechinja hupeleka mbavu kwa jirani, na jirani akichinja hurudisha, ili kila nyumba ionje nyama mbichi msimu mzima. Sisi tulitoka katika mzunguko huo tangu Asahel alipouza nguruwe wetu. Hakuna anayebisha mlango wetu Novemba. Ukitoka katika mbavu umetoka katika mengi, nimelijua hilo. Leo Mehitabel kaniletea mbavu zangu peke yangu, kazificha ndani ya shali.

Manyoya ya nguruwe yaliungua asubuhi yote na harufu ikajaa bondeni. Asahel alisimama mlangoni akavuta pumzi ndefu. Akasema hewa ya leo ni safi.

Niliogopa. Pua haifi kwa mtu anayepona.

Novemba 19. Jumapili

Baada ya ibada amemwomba mchungaji nafasi ya kusema Siku ya Shukrani, mbele ya watu wote. Atatoa ushahidi wa mwili wake. Anasema watu hawa hawasomi vitabu, lakini macho wanayo. Nilifungua mdomo mezani mara kadhaa kumwambia. Kila nilipoufungua niliuliza kama anataka mkate.

Novemba 25

Theluji. Leo chungu chake nilikiacha kwa Mehitabel kitupu. Nilimwambia kimepasuka, nikamchemshia viazi. Najua nimechelewa.

Novemba 30. Siku ya Shukrani

Kanisa lilijaa. Watu walikuwa na njaa na furaha, maana nyumbani mwao kuku walikuwa wanageuzwa motoni. Mchungaji alipomaliza akamwita. Asahel akapanda, amevaa koti la baba yetu, mashavu mekundu, macho yanang'aa. Nilimwona mzuri. Nilimwona kama alivyokuwa kabla ya ugonjwa wa kwanza.

Alisema vizuri, bila kumdharau mtu. Alisimulia habari za kitelezi na sanda. Akamtaja Shemasi, na Shemasi akainyoosha ile miguu yake miwili ili watu waione. Kisha akasema kwamba mwaka huu ugonjwa ulimrudia, kwamba mwezi wa tisa alikuwa anatema damu. Akasema, "Na leo nimesimama mbele yenu. Sikunywa dawa yoyote. Nimenyanyuliwa na mkate, na matufaha, na maharage ya dada yangu Lovina, yasiyo na chembe ya nyama."

Kwenye viti vya wanawake mtu akacheka puani. Mwingine akamfuata. Nilikuwa nimekaza macho kwenye glavu zangu. Kicheko kikapita mstari hata mstari, kicheko cha watu wanaojaribu kukizuia, ambacho ni kibaya zaidi. Asahel akatabasamu, akidhani kuna mzaha aliousema. Ndipo mhunzi akasema kutoka nyuma, wala si kwa ukali, "Daktari, muulize mke wa shemasi kilichokuwamo chunguni."

Asahel hakumtazama Mehitabel. Alinitazama mimi. Angenitazama kwa hasira ningeweza kumjibu, lakini aliniangalia tu akisubiri nisimame niseme si kweli, kama nilivyomtetea mbele ya watoto wengine alipokuwa mdogo. Nikainamisha kichwa.

Akashuka. Aliikosa ngazi ya mwisho, Shemasi akamdaka.

Tulitembea kurudi nyumbani kwenye theluji, yeye mbele. Penye mtaro alisimama.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Nilikuwa na ushahidi mmoja tu," akasema. "Mwili huu. Sina kitabu, sina hospitali, sina mali. Miaka kumi na tano nimeulinda usiingiwe na kitu ili siku moja niweze kuuonyesha. Bora mngeniua tu, dada."

Nilimwambia nilitaka aishi. Akasema anajua. Akasema hilo ndilo linalomuuma.

Desemba 1

Anapika mwenyewe. Amechukua sufuria ndogo na kuiosha kwa majivu, mara ya pili, mara ya tatu. Amechemsha viazi kwa maganda, akavimenya mezani. Nilisogea kumsaidia akavuta sahani upande wake. Nilikwenda ghalani nikakaa na ng'ombe.

Desemba 2. Jumamosi

Sikupeleka chungu. Mehitabel kaja, macho yamevimba. Shemasi hasemi naye. Juzi alipotoka kanisani alimuuliza swali moja tu: "Na changu je?" Ameapa kwa Biblia kwamba hakutia kitu chunguni mwake, na ni kweli, lakini mzee haamini. Anasema mguu wake umepona na sasa hajui umeponywa na nini. Anakula matufaha mabichi anayoyachukua rafuni mwenyewe. Tuliketi wawili, kila mmoja na mwanamume asiyekula chakula chake, tukakosa hata la kulaumiana.

Desemba 5

Kikohozi kimerudi.

Desemba 6

Damu. Haifichi tena leso.

Desemba 10. Jumapili

Wiki nzima hakuna mgonjwa aliyepiga hodi, mpaka leo, yule mjane wa kule juu na mtoto wake. Asahel alimpima mtoto, mwenyewe akiwa kitandani, sikio kifuani, akamwandikia uji na mboga na hewa safi. Mjane alimsikiliza kwa adabu. Mlangoni akaninong'oneza, "Nimpe na nguruwe kidogo, mama?" Nikamwambia afanye alivyoambiwa na daktari. Sikuwahi kusema hivyo maishani mwangu.

Desemba 14

Leo hakuweza kushika kisu. Kiazi kilianguka kikaviringika chini ya meza, akakitazama hapo kilipo. Nami nikakiacha, kwa kuwa sikutaka kushika chakula chake. Kisha akasema kuna jambo.

Akasema ile rangi ya mashavu, na ule ulaji, na nguvu za kupasua kuni, si maharage wala si nguruwe. Ni ugonjwa wenyewe. Kifua hufanya hivyo kabla ya mwisho. Humpa mtu wiki chache za uongo. Ameona kwa wagonjwa wengi, naye huwa ndiye anayewavuta jamaa kando kuwaambia wasifurahi.

"Ulijua hivyo hata siku ile?" nikamuuliza. "Uliposimama pale mbele?"

"Nilijua tangu Oktoba."

"Kwa nini basi?"

"Nilitaka wanione mzima mara moja. Hata masika yakinikuta nimekufa, angalau wangekumbuka wameniona nimesimama." Akafumba macho. "Niliwadanganya, dada. Sote wawili tumetia kitu chunguni."

Nilicheka. Sijui ilikuwaje, nilicheka huku nalia, naye akacheka mpaka nikamshikia beseni. Miezi yote hii nimekuwa nikimwona mtu mkaidi anayejiua kwa ajili ya kabichi. Kumbe ni mtu anayekufa tu, kama wengine, na alitaka kifo chake kisiwadhuru aliowaponya. Ndugu yangu mdogo. Na mimi nikawapa watu wamcheke siku ambayo alikuwa ameihesabia kuwa ya mwisho kusimama.

Nilipomfuta uso akasema, "Kiokote kile kiazi. Nipikie wewe."

"Hutaki kuangalia?"

"Nipikie tu."

Nimepika viazi vingi katika maisha haya. Hiki nilikiosha kisimani, kwenye barafu, hadi vidole vikafa ganzi. Alikula vijiko vitatu kutoka mkononi mwangu. Akauliza kama kina chumvi. Nikamwambia hakina. Akasema vizuri.

Desemba 17

Shemasi amekaa naye mchana kutwa. Alipoondoka alimshika mkono akasema, "Daktari, mimi siufahamu mguu wangu. Ila nyama sirudii." Asahel akageukia ukutani ili tusimwone uso.

Desemba 21

Saa nne asubuhi, kabla theluji haijaacha kuanguka. Nilikuwa nimeshika mguu wake kwa kuwa ulikuwa wa baridi. Hakusema neno la kukumbukwa. Alitaka maji.

Desemba 23. Jumamosi

Tumemzika. Wanaume waliwasha moto juu ya ardhi tangu jana ili ilainike ipate kuchimbika, na mhunzi ndiye aliyekuwa akichochea, hakukubali kupokewa. Nilijua watu watakuja kula, na sikuwa nimepika. Mazishi ya huku ni nyama: mguu wa nguruwe, pai ya nyama, mchuzi. Nilijiambia acha walete wanachotaka, yeye hasikii tena harufu.

Wakaanza kuingia wanawake wa tanuri, mmoja mmoja, na vyungu. Jeneza lilikuwa sebuleni juu ya viti viwili, bado wazi. Mke wa mhunzi akaweka chungu mezani, akafunua. Maboga. Mwingine, kabichi na viazi. Mjane wa kule juu alileta mkate na matufaha yaliyookwa, na mtoto wake akiwa amemshika sketi. Nilizunguka meza nikitafuta nyama sikuiona. Hakuna aliyeniambia kitu wala aliyenitazama usoni. Wameyapanga haya bila mimi, tena jikoni mlemle kwa Mehitabel.

Mehitabel alikuja wa mwisho. Alikuwa amebeba chungu cha Asahel, kile nilichodanganya kuwa kimepasuka, ambacho nilikiacha kwake bila kukirudia. Hakukiweka mezani. Alikwenda nacho moja kwa moja mpaka kwenye jeneza, akapiga magoti, akakiweka sakafuni usawa wa kichwa cha Asahel, akafunua. Akatoa mwiko mrefu. Akaanza kuyakoroga maharage, polepole, kutoka chini kabisa, akiyageuza yote, upande huu na upande huu, akiinua mwiko kila mara ili kilichomo kionekane. Shemasi alikuwa amesimama nyuma yake, kofia mkononi, akitazama ndani ya chungu.

"Hamna kitu, Daktari," akasema Mehitabel. "Angalia. Hamna kitu."

Shemasi ndiye aliyeinama akamwinua. Kisha akachukua bakuli, akamnyooshea mkewe, akasema, "Nipakulie." Ndicho chakula cha kwanza kutoka mkononi mwake tangu Siku ya Shukrani.

Nami nikapakua maharage yangu. Yalikuwa makavu, magumu katikati, na hayana ladha. Nilikula yote, nikakwangua chungu kwa mkate.